Asali ya kando ya barabara ukitoka Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Barabara za kwenda Likasi, Kasumbalesa, Kasenga na Kipushi zote zinapita katika miombo au mabaki yake, na asali huuzwa humo pamoja na makala, uyoga na mihogo. Msafiri ana dakika kumi, dereva anapiga honi, muuzaji anasifu mali yake. Wanunuzi wengi wanaogopa kitu kimoja tu: kuuziwa sukari badala ya asali. Lakini kuna mambo matatu ya kuchunguza kabla ya sukari, nayo ni maji, moto na chombo. Asali halisi kabisa, iliyotoka kwa nyuki leo asubuhi, inaweza kuwa imeshaharibika kwa mojawapo ya hayo matatu.

Kwa nini asali ya meza moja ina rangi mbili au tatu?

Kwa sababu ya maua. Nyuki wa miombo hukusanya zaidi kutoka miti ya jamii ya Brachystegia na Julbernardia, na kila mti una rangi na ladha yake. Masega nayo yana umri: sega jipya jeupe hutoa asali ya rangi ya chai hafifu, sega la zamani lililolea majana (watoto wa nyuki) mara nyingi huipa wekundu au weusi kama kahawa. Asali nyeusi si asali ya uongo, wala nyeupe si safi zaidi. Rangi inakuwa tatizo pale tu inapoambatana na harufu ya sukari iliyoungua, maana hapo asali imepikwa.

Ni miezi gani asali inakuwa nzuri?

Miti ya Brachystegia huchanua zaidi mwisho wa kiangazi, Agosti hadi Oktoba, na asali yake huonekana barabarani kuanzia hapo hadi mvua zinapokolea. Julbernardia paniculata huchanua mvua zikiisha, Aprili hadi Juni, na huleta msimu wa pili. Katikati ya mvua, Januari na Februari, nunua kwa macho mawili: hewa ina unyevu, nyuki hawajapata muda wa kukausha, na mrina asali mwenye haraka huchanganya masega mabivu na mabichi. Asali inayouzwa Julai inaweza kuwa ya Mei, na hilo si baya hata kidogo kama ilifungwa vizuri.

Nikisimama, nianze na nini?

Anza na chombo, hata kabla ya salamu kuisha. Chupa ina kifuniko chake au imezibwa kwa kipande cha sakosi (mfuko wa plastiki) na gunzi la mahindi? Asali hunyonya maji hewani, kwa hiyo chupa iliyozibwa ovyo kwa wiki mbili za mvua ina maji zaidi kuliko siku ilipojazwa. Imekaa kivulini au juani? Chupa zilizopangwa mbele kabisa, zile za kuvutia magari, ndizo zilizopigwa na jua siku nyingi. Omba ya nyuma, iliyo chini ya meza.

Kisha igeuze chupa, kifuniko chini, uangalie kiputo cha hewa kinavyopanda. Katika asali mbivu kiputo hupanda polepole, kikiwa kimoja na duara. Katika asali yenye maji hukimbia, tena hukatika vipande. Kuna sharti moja: linganisha chupa zilizokaa mahali pamoja. Saa nane mchana mwezi wa Oktoba, asali nzuri iliyo juani huteleza kama mafuta. Asubuhi ya Julai, baridi ya Katanga hufanya hata asali mbovu ionekane nzito. Kipimo hiki hakisemi kama ni asali au sukari. Kinasema habari ya maji tu.

Halafu uliza maswali matatu: ilirinwa lini, ilitoka upande gani, ilikamuliwa vipi. Muuzaji anayeijua mali yake hujibu bila kufikiri: "Ya mwezi uliopita, mume wangu aliitoa kwenye mizinga, nikachuja na kitambaa." Anayesema tu "ni ya hapa hapa, mzuri sana" huenda ameinunua kwa mtu mwingine. Si dhambi, ila basi onja kwa makini zaidi.

Ninaonjaje bila kumkosea muuzaji?

Kuonja ni haki ya mnunuzi na hakuna anayekasirika akiombwa kwa heshima: "Jambo mama. Unionjesheko kiloko." Usitumbukize kidole. Kata kijiti kisafi au beba vijiko vyako. Kijiti kiwe kirefu, kifike chini ya chombo, kwa sababu juu ya bidoni (dumu) hukaa asali nyepesi na povu, na chini hukaa ile nzito au ile iliyoongezwa. Kama juu na chini zina ladha mbili tofauti kabisa, uliza kwa nini.

Nusa kwanza. Pua hugundua kuchacha na moshi kabla ya ulimi. Kisha weka tone katikati ya ulimi, usimeze. Liache liyeyuke hadi hesabu ya kumi. Asali ya miombo huanza na utamu, kisha huleta ladha nyingine: ya tunda, ya majani makavu, wakati mwingine uchungu mdogo mwishoni, na huwasha koo kidogo. Maji ya sukari hutoa utamu wote mara moja na kwisha. Suuza kinywa kwa maji kabla ya kuonja nyingine, na anza na nyeupe ndipo uende kwenye nyeusi, la sivyo nyeupe itaonekana haina ladha.

Ukikutana na moja ya ladha hizi, ina maana yake:

Ladha ya jivu au moshi mkali: nyuki walifukuzwa kwa moto mkubwa, si kwa moshi wa kiasi, na huenda masega yaliungua. Inaliwa, lakini haipungui moshi hata ukae nayo mwaka.

Uchachu kama wa munkoyo, kinywaji cha mahindi kilichochachushwa: imechacha, au ina majana yaliyokamuliwa pamoja na asali.

Uchungu wa unga unga: chavua nyingi. Haina madhara kwa wengi, baadhi yetu tunaipenda.

Ladha ya plastiki, mawese, mafuta ya taa au sabuni: rudisha kijiti, shukuru, uondoke. Hilo halirekebishiki.

Kiberiti, maji, karatasi, sisimizi: kipimo gani ni cha kweli?

Hakuna hata kimoja kinachotosha, na tunaomba watu waache kuumbuana na wauzaji kwa sababu ya njiti ya kiberiti. Njiti iliyochovywa kwenye asali huwaka kama asali ina maji kidogo, na huzimika kama ina maji mengi. Sukari iliyopikwa ikawa nzito itawaka vilevile. Tone linaloshuka chini ya glasi ya maji bila kuyeyuka linaonyesha uzito tu, na sukari nzito hushuka hivyo hivyo. Karatasi isiyolowa ni hadithi ileile ya maji. Sisimizi nao hula asali halisi vizuri kabisa, na huikwepa sukari iliyo nzito mno.

Vipimo hivi vyote, basi, vinapima unyevu. Mtu anayejua kupika sukari na limao hupata kitu kizito, chenye rangi, kisichoganda, kinachopita kila kipimo cha barabarani. Jibu la uhakika liko maabara. Barabarani una pua, ulimi, maswali yako, na jambo moja lenye nguvu kuliko yote: kununua kwa mtu yuleyule kila unapopita.

Basi nitashuku sukari wakati gani?

Shuku dalili zinapokuja pamoja. Haina harufu yoyote hata ukiisugua mkononi ikapata joto. Ni angavu kama chai iliyochujwa, bila chembe ya nta wala chavua, ilhali muuzaji anasema ameikamua kwa mkono. Bei ni nusu ya meza ya jirani. Ladha inaisha mara moja. Moja kati ya hizi si ushahidi. Tatu pamoja, endelea na safari.

Kuna povu juu. Imeharibika?

Povu jeupe, jembamba, lililotulia, ni hewa na vipande vidogo vya nta vilivyopanda baada ya kukamua. Lisikutishe. Povu la kuchacha halitulii: viputo vidogo vinaendelea kupanda kutoka chini, chupa ya plastiki imevimba, kifuniko kikifunguliwa kinapumua, na harufu ni ya pombe. Chanzo ni maji. Nyuki huziba vyumba vya sega kwa nta asali ikiwa imebaki na maji karibu asilimia 18, na kipimo cha kimataifa cha Codex kinataka yasizidi 20. Ikizidi hapo, chachu iliyomo ndani ya asali yenyewe huamka na kugeuza sukari kuwa pombe na gesi.

Asali iliyochacha haikuui, lakini usilipe bei ya asali nzuri, na usiifunge kwa nguvu ndani ya gari: chupa ya kioo hupasuka.

Imeganda kama mafuta ya nguruwe. Wameweka sukari?

Hapana. Asali halisi huganda. Sukari ya aina ya glukosi iliyomo hujitenga na maji na kuwa chembe, hasa kwenye baridi ya nyuzi 10 hadi 15, ndiyo maana wateja wengi huuliza swali hili Juni na Julai. Iliyoganda sawasawa kutoka chini hadi juu, chembe laini, ni mali nzuri, tena haimwagiki njiani.

Angalia ile iliyogawanyika, chini chembe na juu maji maji. Chembe zilipojitenga ziliacha maji juu, na hiyo tabaka ya juu ndiyo huanza kuchacha. Ukiinunua, ichanganye na uile mapema.

Kuiyeyusha: weka chupa kwenye sufuria ya maji ambayo mkono wako unavumilia, karibu nyuzi 40, uibadilishe maji yakipoa. Kilo moja huchukua saa moja hadi mbili. Usiweke chupa juu ya mbabula (jiko la makaa). Moto wa moja kwa moja hufukuza harufu, huifanya iwe nyeusi na kuipa ladha ya sukari iliyoungua.

Ninunue masega au asali iliyokamuliwa?

Kama sega limezibwa vizuri, nunua sega. Vifuniko vya nta ndivyo cheti pekee ambacho muuzaji hawezi kukitengeneza: kila chumba kilichozibwa nyuki wenyewe wamethibitisha kwamba kimekauka. Chagua kipande ambacho angalau robo tatu ya vyumba vimezibwa, nta iwe nyeupe au ya njano. Vyumba vilivyo wazi na vinavyong'aa vina asali mbichi. Ukikitikisa kipande na matone yakaruka, kiache. Vifuniko vya kahawia vilivyotuna kidogo si asali, ni majana.

Ubaya wa sega ni safari. Nta hulainika kwenye joto la gari, sega huporomoka, na ukifika Kolwezi una uji. Libebe kwenye ndoo yenye kifuniko, si sakosi.

Nyumbani liponde kwa kijiko, limimine kwenye kitambaa safi kikavu juu ya beseni, uache usiku mzima mahali pa joto. Usikamue kitambaa kwa nguvu kama kuna chavua nyingi. Chombo, kitambaa, mikono, vyote viwe vikavu: maji kidogo yanatosha kuanzisha kuchacha.

Ile asali nyepesi, chachu, ya chupa ndogo ni nini?

Mara nyingi ni ya nyuki wadogo wasiouma, wanaoishi ndani ya miti na ardhini. Yao ina maji asilimia 25 hadi 30 au zaidi, kwa hiyo wepesi na uchachu ni tabia yake, si udanganyifu. Kiota kimoja hutoa kidogo, ndiyo maana ni ghali. Inunue kidogo, iweke kwenye friji. Tatizo ni kwamba jina hilo hutumiwa pia kuuza asali ya kawaida iliyoingia maji. Ya kweli ina harufu kali ya utomvu na ndimu, huwezi kuikosa ukishaijua.

Nitajuaje kama bei ni ya haki?

Geuza chupa kuwa kilo. Lita 1 ya asali ina uzito wa kilo 1.4 hivi. Kwa hiyo:

Chupa ya maji ya nusu lita hubeba gramu 700.
Chupa kubwa ya bia hubeba karibu kilo 1.
Chupa ya maji ya lita 1 na nusu hubeba kilo 2.1.
Bidoni la lita 5 hubeba kilo 7, na la lita 20 kilo 28.

Gawanya bei kwa kilo, halafu linganisha meza mbili. Mara nyingi bidoni la lita 5 lina bei nzuri kuliko chupa tano, lakini kwenye bidoni huoni ndani, hivyo onja hadi chini. Ukiwa na mzani mdogo wa kuning'iniza, una kipimo cha ziada cha maji: chupa ya lita 1 na nusu iliyojaa, ukitoa uzito wa chupa, ikiwa na kilo 1.9 badala ya 2.1, kuna maji humo. Hakikisha imejaa hadi shingoni, na kwamba kitako chake hakijabonyezwa ndani.

Beba franka ndogo ndogo. Dola iliyochanika hata kidogo haipokelewi, na chenji kijijini ni taabu. Kupunguziwa bei ni kawaida, lakini ukifika kwenye bei ya mwisho omba matabishi, kipande cha sega au kikombe cha nyongeza, kuliko kuvutana kwa franka chache. Mrina asali hupanda mti usiku na kuumwa.

Chombo kipi nikikatae?

Katika jimbo la migodi, swali hili lina uzito wake. Mabidoni yaliyobeba asidi au dawa za kiwandani huzunguka sokoni, na hayasafishiki, hata yakioshwa mara kumi. Kataa bidoni lenye alama za hatari, mabaki ya lebo ya dawa, plastiki iliyobadilika rangi au harufu yoyote. Kataa pia debe la bati na chombo chenye kutu: asali ni asidi na hula chuma na zinki taratibu. Afadhali kabisa ubebe vyombo vyako: mitungi ya kioo au ndoo nyeupe ya chakula yenye kifuniko cha kubana, iliyooshwa na kukaushwa juani siku mbili. Wauzaji wengi hufurahi, maana chupa tupu nazo wanazinunua.

Garini niiweke wapi?

Chini ya kiti, imesimama, ndani ya sakosi mbili, mbali na injini. Usijaze hadi kifuniko. Acha nafasi ya vidole viwili, kwa kuwa joto hupanua asali na hewa. Gari lililofungwa juani linaweza kupita nyuzi 50, na saa nyingi za joto hilo huiharibu asali sawa na mbabula. Ukishuka kula Likasi, egesha kivulini.

Nyuki wakifuata chupa iliyopakaa asali nje, usiwapige. Funga vioo, ondoa gari kidogo, fungua tena, wataondoka. Futa chupa zote kwa kitambaa cha maji na uzikaushe kabla ya kupakia. Aliyechomwa, kwangua mwiba mara moja kwa ukucha. Akivimba uso au akikosa pumzi, ni hospitali moja kwa moja, si kusubiri.

Naweza kusafiri nayo kwa ndege au kuvuka mpaka?

Kwenye ndege asali huhesabiwa kama kimiminiko, hivyo zaidi ya mililita 100 iende kwenye mzigo wa chini. Umoja wa Ulaya humruhusu msafiri kuingia na kilo 2 kwa matumizi yake. Afrika Kusini haipokei asali ya msafiri isiyo na kibali. Kabla ya kuvuka Kasumbalesa, waulize watu wa karantini pale pale mpakani, usisubiri begi lifunguliwe.

Mtoto, mgonjwa wa kisukari, mwenye kikohozi?

Mtoto asiyetimiza miezi 12 asipewe asali hata tone, hata kwa kupaka ulimi. Inaweza kubeba mbegu za bakteria ya botulismi ambazo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia, na kuzipasha moto jikoni hakuziui. Kwa mwenye kisukari, asali ni sukari, na muuzaji anayesema inatibu kisukari anakudanganya. Kwa kikohozi cha mtoto aliyepita mwaka mmoja, kijiko kidogo kabla ya kulala husaidia kweli.

Kununua asali hii kunaharibu msitu?

Inategemea ilivyopatikana. Mzinga wa gome hutengenezwa kwa kubandua gome la mti mzima, na mti hufa. Wengine huangusha mti ili kufikia kiota kimoja. Lakini kuzunguka Lubumbashi, miombo humalizwa zaidi na makala, na mtu mwenye mizinga ana sababu ya kumzuia mkata makala. Uliza kama asali ni ya mizinga au ya kuangusha mti, na ukipata ya mizinga, lipa zaidi kidogo, umwambie kwa nini unalipa.

Nimeshafika nyumbani, ina moshi na majana kidogo. Niitupe?

Usiitupe. Ichuje tena kwa kitambaa kizito ndani ya siku moja au mbili, kabla majana hayajaoza. Iache siku tatu kwenye ndoo iliyofunikwa, uondoe kinachoelea juu kwa kijiko kikavu. Ile ya moshi haitafaa kwenye chai, lakini inafaa sana kupaka nyama ya mbuzi dakika tano za mwisho juu ya makaa, pamoja na limao na pilipili. Nta iliyobaki iyeyushe kwenye maji ya moto. Huyeyuka karibu na nyuzi 63, huelea, na ikipoa unaitoa ikiwa kipande kimoja. Mafundi viatu huinunua kwa ajili ya nyuzi zao.